Kabla hujahamia chumba kimoja Dodoma

Nenda na futi kamba. Tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 vyumba vinagombaniwa, na dalali atakusimamisha mlangoni, aseme "kikubwa hiki, bosi," kisha adai kodi ya miezi 6 palepale. Pima kwanza. Kwenye chumba cha futi 10 kwa 10, kitanda cha 5 kwa 6 kinakula karibu theluthi ya sakafu kabla hujaweka hata ndoo. Fungua na mlango mpaka mwisho: kama unafungukia ndani, pale unapopita hapakai kitu.

Maji ni ya mgao. Pipa la lita 200 likijaa halisogezwi, kwa hiyo amua mapema litakaa wapi. Jiko la mkaa libaki uani hata Julai baridi inapouma. Hewa yake ndani ya chumba kilichofungwa inaua, nayo haina harufu. Kitanda kisikae chini ya dirisha linalopokea upepo, labda kama unapenda kulala na vumbi.

Sasa kabati. Nilipohamia Chang'ombe nilijiona mjanja wa kubana nafasi. Kabati langu la paini nikalisukuma hadi konani, mgongo ukagusa ukuta, miguu ikakaa juu ya ufa mwembamba uliofunikwa na kapeti la plastiki. Kwenye droo ya chini kabisa nikaweka bahasha ya vyeti, juu yake mashuka. Miezi minne sikugusa. Siku naitwa kwenye usaili navuta ile droo, inatoka na udongo. Cheti cha kidato cha nne kilibaki kingo na nusu ya muhuri. Nyuma, mchwa walikuwa wamejenga njia zao kutoka kwenye ufa hadi rafu ya tatu, na kwa mbele vanishi inang'aa kama siku ya kununua. Ukiligonga linalia boksi tupu.

Mama mwenye nyumba alikuja, akatazama.

"Kona hiyo ni yao, mwanangu. Hata wa kabla yako walimlia kitanda."

"Sasa mama, mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Basi acha nafasi ya kiganja kati ya kabati na ukuta, hata ukibanwa vipi. Miguu ipandishe juu ya matofali. Kila mwezi mulika nyuma kwa tochi ya simu. Gunia la mchele juu ya chaga, vyeti kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko.

Mengine malizia mwenyewe: soketi ziko ngapi, umeme wa LUKU mnachangia wangapi, kuna dari au bati tupu, geti linafungwa saa ngapi, funguo za mpangaji aliyetoka ziko kwa nani. Na ukikuta kona moja tu imepakwa rangi mpya, iname uichunguze, halafu uliza.