Kuingia mlango wa mto Pangani kwa boti: mwongozo kwa wanaotoka Moshi

Maji yanayoshuka Kilimanjaro na Meru hukusanyika Nyumba ya Mungu na kuishia baharini Pangani, ambako mchanga na mawimbi hujenga fungu mbele ya mlango wa mto. Maelezo haya nimeyaandika baada ya kumsaidia jamaa wa hapa Moshi aliyetaka kuipeleka boti yake Pangani kutoka Tanga.

Hatua ya 1. Chagua siku ambayo upepo umelala. Katika miezi ya kusi (upepo mkali wa kutoka kusini), hasa Juni na Julai, ahirisha bila kusita.

Hatua ya 2. Kabla ya kwenda Tanga, pitia Pangani kwa gari, vuka kwa kivuko hadi Bweni na ulitazame fungu kutoka juu wakati maji yamekupwa. Njia iliyohifadhiwa kwenye simu mwaka jana usiiamini, kwa sababu mchanga huhama. Mimi humlipa mvuvi wa hapo anipeleke kwa mtumbwi tupime kina kwa upondo (mti mrefu wa kusukumia mtumbwi). Kipimo cha umeme hudanganywa na mapovu, na maji yenyewe ni ya kahawia, hivyo chini hakuonekani.

Hatua ya 3. Panga saa, kwani hapa ndipo wengi huharibikiwa. Ingia maji yakiwa bado yanajaa, takriban saa moja kabla ya kilele, ili ukigusa mchanga maji yakuinue. Yanapopwa, mkondo hutoka na kukabili mawimbi yanayoingia, nayo husimama wima na kuvunjika hata kama nje kumetulia. Ukiwa baharini huoni hatari hiyo, kwa kuwa unaona migongo ya mawimbi tu.

Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa sana, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri. Siku za maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, hujaa karibu saa nne asubuhi na usiku. Jedwali la kujaa na kupwa kwa maji likikupa jibu lililo mbali na hapo, huenda limeandikwa kwa saa za Greenwich, nawe unapaswa kuongeza saa tatu. Kisha jumlisha: fungu lenye kina cha mita 0.5 kwenye ramani na maji ya mita 3.0 kwenye jedwali hukupa mita 3.5, lakini mawimbi ya mita moja hupunguza nusu mita. Usingoje kilele cha bamvua kubwa kabisa, maana ukikwama hapo, kila kujaa kunakofuata ni kudogo zaidi, na unaweza kusubiri karibu wiki mbili.

Hatua ya 4. Vaeni majaketi ya kuokolea, subiri mawimbi makubwa yapite, kisha fuata mgongo wa wimbi moja kwa mwendo ule ule. Usilipite, na usiruhusu boti ikae ubavu.

Hatua ya 5. Tia nanga mbali na njia ya kivuko cha Bweni, ukiacha nafasi ya boti kuzunguka, kwa kuwa mkondo hugeuka kila baada ya takriban saa sita.