Namna ya Kugawana Nyumba ya Ukoo Iliyoko India kwa Familia ya Kihindu ya Dar es Salaam

Familia ya Kihindu inayoishi Upanga au Kisutu na yenye nyumba Gujarat itambue kwanza kwamba mali isiyohamishika hufuata sheria ya mahali ilipo. Mirathi ya nyumba ya Dar es Salaam hufunguliwa katika mahakama za Tanzania, ilhali ile ya Gujarat hurithiwa kwa Sheria ya Urithi wa Kihindu ya India ya mwaka 1956.

Kazi inayofuata, nayo ndiyo ngumu, ni kutenganisha mali ya ukoo, yaani ile iliyoshuka kutoka kwa mababu na ambayo wazao wana haki nayo kwa pamoja tangu kuzaliwa, na mali aliyoichuma marehemu mwenyewe. Wengi hudhani kila alichoacha babu ni cha ukoo, sivyo. Ikiwa babu aliinunua nyumba kwa fedha zake, akafariki bila wosia baada ya sheria hiyo kuanza kutumika, fungu alilorithi baba ni lake binafsi, na wanawe hawawezi kulidai angali hai. Kwa hiyo tafuteni hati ya ununuzi na cheti cha kifo cha babu kabla ya kuitisha kikao chochote.

Ikithibitika kuwa nyumba ni ya ukoo, binti ana haki sawa na kaka yake tangu kuzaliwa, kwa marekebisho ya mwaka 2005. Na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba haki hiyo haitegemei baba kuwa hai marekebisho yalipoanza. Tuseme baba mjane ameacha mwana na binti, na wosia unaompa mwana kila kitu. Nyumba aliyoichuma baba inakwenda yote kwa mwana. Katika nyumba ya ukoo, hata hivyo, baba alikuwa na theluthi yake tu ya kuusia, hivyo binti anabaki na theluthi moja, na kaka anapata mbili.

Mgawanyo uandikwe na kusajiliwa India, au uamuliwe na mahakama, kwa kuwa makubaliano ya mdomo, hata yakishuhudiwa na wazee wote, hukubaliwa kwa nadra sana. Asiyeweza kusafiri athibitishiwe hati ya uwakala katika Ubalozi wa India jijini, kisha ilipiwe ushuru wa stempu ndani ya miezi 3 tangu ifike India. Nayo itaje wazi kama wakala anaruhusiwa kugawanya tu au kuuza pia. Dada anayeletewa hati ya kuachia haki, eti kurahisisha mambo, asiitie saini kabla ya kuonyeshwa hati ya nyumba na hesabu ya fungu lake, maana ikishasajiliwa, kuitengua kutahitaji kesi.