Imeli ya kazini: itumie hivi isije ikakuponza

Kwanza toa kichwani hiyo fikra ya "imeli yangu". Anwani yenye jina la kampuni ni ya kampuni, na watu wa IT mara nyingi wanaweza kurudisha hata meseji uliyofuta juzi, maana wewe umeifuta kwako tu, kwenye bakapu (nakala za akiba za kampuni) bado ipo. Hapa Kenya Katiba kifungu cha 31 inalinda faragha yako, sawa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mwajiri akwambie anakusanya nini na kwa nini, lakini wengi wetu tulishaambiwa zamani, iko kwenye zile karatasi tulizosaini siku ya kwanza bila kusoma. Iombe HR (ofisi ya wafanyakazi) hiyo sera ya imeli, utafute pale panaposema nani anaruhusiwa kufungua imeli zako.

Mambo ya mkopo, daktari na kutafuta kazi kwingine, tumia Gmail yako kwa simu yako na bando lako. Basi.

Penye moto ni data za watu wengine. Unataka kumalizia kazi nyumbani, unajifowadia faili la mishahara lenye namba za vitambulisho na akaunti za benki, hapo ushatoa data nje hata kama nia ilikuwa safi. Ama unawatumia wateja wote notisi moja kupitia Cc kila mtu anaona anwani ya mwenzake, weka Bcc inayoficha anwani jamani! Na soma jina la mpokeaji mpaka mwisho, kompyuta inapenda kukujazia Mary wa nje badala ya Mary wa idara ya uhasibu. Ikienda vibaya usinyamaze, ripoti saa hiyohiyo, kwa sababu kukiwa na hatari ya kweli kwa wenye data kampuni ina saa 72 tangu ijue kumjulisha Kamishna wa Data.

Umbea na utani wa kikabila ni ushahidi ukifika mahakamani. Hata "sawa, bei tumekubali" inaweza kuifunga kampuni, so kama huna mamlaka andika wazi kwamba bado bosi hajaidhinisha.

Ukiacha kazi, rudisha paswadi zote papo hapo, sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018 inadai hivyo na ukikaidi ni faini hadi shilingi 200,000 au jela hadi miaka 2. Payslip zako na barua ya ajira ziombe HR mapema, akaunti ikishafungwa utazungushwa sana.