Namna ya kubashiri fursa za biashara zama hizi za akili mnemba

Wengi huanza kwa kuuliza akili mnemba inaweza kufanya nini. Jibu la swali hilo hubadilika kila baada ya miezi michache, na biashara iliyojengwa juu ya jibu la leo hufa siku wenye modeli (programu zinazoendesha akili mnemba) wanapoiongeza huduma hiyohiyo bure. Anza hivi: kitu gani kimeshuka bei ghafla, na kipi kinachoambatana nacho kimebaki adimu? Tafuta fursa kwenye hicho cha pili.

Machi 2023, kutumia GPT-4, modeli ya kampuni ya OpenAI, kuligharimu dola 30 kwa kila tokeni (vipande vya maneno) milioni moja zinazoingizwa. Julai 2024 OpenAI ikatoa GPT-4o mini kwa senti 15 kwa kiasi hichohicho. Ni modeli ndogo zaidi, lakini kazi nyingi za kawaida za ofisini inaziweza. Kwa hiyo rasimu, muhtasari na tafsiri ya kwanza ni bei rahisi mno sasa. Kuhakiki, kubeba dhamana kosa likitokea, na data ambazo hazipo mtandaoni bado ni ghali. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kunukuu mahakamani kesi zisizokuwepo, ambazo ChatGPT ilizitunga. Maandishi waliyapata haraka. Ukaguzi ndio uliokosekana.

Chukua kazi moja, uivunjevunje

"Afya" au "elimu" ni pana mno. Chagua kazi yenye mwanzo na mwisho, kwa mfano kuingiza ankara za wauzaji kwenye vitabu vya hesabu. Kaa na anayeifanya kwa siku nzima, uandike kila hatua: nani anaifanya, inachukua dakika ngapi, na ikikosewa hasara ni ya nani. Hilo la mwisho watu hulisahau, na ndilo linaloonyesha mteja atalipia nini.

Utakuta mashine inaweza vizuri kusoma tarehe, jina na kiasi. Tatizo liko kwenye kulinganisha. Oda inasema katoni 10, ankara inasema pisi 240. Mashine inaona tofauti na kusimama, au mbaya zaidi, inabuni maelezo na kuendelea. Mhasibu anajua kuwa katoni ya bidhaa hiyo ina pisi 24. Ujuzi huo haujaandikwa popote. Ukiukusanya kwa mpangilio, una kitu ambacho mshindani hawezi kukinakili kwa wiki moja.

Pima kabla ya kujenga

Omba mifano 50 ya zamani ambayo majibu yake yanajulikana. Pata ruhusa ya mteja, na uondoe majina na namba za akaunti. Usichague mifano safi tu. Weka picha zenye ukungu, mwandiko wa mkono na kurasa zilizokatika. Ipitishe yote kwenye modeli, kisha hesabu makosa.

Hapa wengi hujidanganya. Kutoona kosa hata moja kati ya 50 hakumaanishi kosa ni sifuri. Gawanya 3 kwa idadi ya mifano: kwa uhakika wa asilimia 95, kiwango halisi cha makosa bado kinaweza kufika karibu asilimia 6. Ukitaka kuahidi chini ya asilimia 1, unahitaji mifano 300 isiyo na kosa.

Kisha piga hesabu ya muda. Tuseme mteja ana hati 1,000 kwa mwezi, na kila moja huchukua dakika 20 kwa mkono: saa 333. Mashine ikiandaa na mtu akakagua kwa dakika 6, ni saa 100. Asilimia 8 ya hati zikirudiwa upya kwa mkono zinaongeza saa 27. Jumla 127, na hapo kuna biashara. Lakini ukaguzi ukichukua dakika 15, jumla inapanda hadi 277, na kilichookolewa huenda kisitoshe hata kulipia programu na mafunzo. Muda wa kukagua una uzito kuliko ubora wa modeli, na kwenye mipango mingi ya biashara haumo kabisa.

Uza, kisha bashiri kwa namba

"Wazo zuri" si ushahidi. Tafuta wateja watatu watakaotoa malipo ya awali kwa huduma ambayo mwanzoni utaifanya kwa mkono, ukisaidiwa na modeli.

Andika bashiri lako likiwa na tarehe na asilimia: "Uwezekano ni asilimia 70 kwamba wateja wawili kati ya hawa watatu wataongeza mkataba kabla ya tarehe 30 Juni." Siku ikifika, pima kwa kanuni ya Brier, alama ya kupima ubashiri ambayo ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Likitimia, chukua 1 utoe 0.7, uzidishe jibu kwa lenyewe: 0.09. Lisipotimia, ni 0.7 mara 0.7, yaani 0.49. Anayesema asilimia 50 kila mara hupata 0.25, wastani wako ukizidi hapo baada ya mabashiri ishirini hivi, punguza ujasiri wa asilimia zako.

Ile mifano 50 usiitupe, wala usiiweke hadharani. Kila modeli mpya ikitoka, ipitishe tena bila msaada wa mfumo wako, yaani ule ujuzi uliokusanya. Siku modeli tupu itakapoipata yote, acha kuuza kipande hicho na uhamie kwenye hatua inayofuata katika orodha yako ya kazi.