Utumbo uliotoka nje: tuone dawa inavyogeuza umbo la kiinitete

Vijana wa klabu, mliniuliza kama ile picha ya kiinitete (yai lililoanza kugawanyika kuwa mnyama) chenye utumbo nje ni ya kweli. Ni ya kweli. Curt Herbst, Mjerumani, aliliona jambo hilo mwaka 1892 alipotia chumvi ya lithiamu kwenye maji yenye mayai ya nungu wa bahari. Nungu tunao, wanatuchoma nyayo kila maji yakipwa.

Kwanza, wanyama. Ndani ya hifadhi ya bahari, mbele ya Nyali na Bamburi hapa Mombasa, msiokote kitu, ni marufuku. Nje yake nitaomba kibali. Watano watosha, kwenye ndoo ya maji ya bahari, kivulini.

Pili, mayai. Potasiamu kloraidi gramu 37 kwa lita ya maji safi. Piga sindano mililita moja kwenye ngozi laini inayozunguka mdomo. Baada ya dakika chache dume hutoa kitu cheupe kama tui zito, jike hutoa mayai ya manjano. Jike mpindue juu ya gilasi ya maji ya bahari yaliyochujwa, mayai yashuke yenyewe. Mbegu za dume zizimue kwa maji ya bahari, kisha utie matone machache tu. Zikizidi, yai huingiwa na zaidi ya moja na kuharibika hata kabla ya dawa.

Hapo usibanduke kwenye hadubini. Punde tu yai huvaa utando, duara jembamba linalojitenga nalo pande zote. Nimeliona mara nyingi, na bado moyo hunienda mbio.

Tatu, gawa mayai hayo kwenye gilasi tatu. Moja maji ya bahari matupu. Ya pili ongeza lithiamu kloraidi gramu 1.3 kwa lita, mayai yakiwa yamegawanyika mara moja au mbili. Ya tatu watu huisahau, nami naikazania: chumvi ya kawaida gramu 1.75 kwa lita. Bila hiyo mtu atasema ni chumvi iliyozidi tu, nawe huna la kumjibu. Vaeni glavu, na maji ya lithiamu yasimwagwe baharini.

Kesho yake angalia. Kwenye gilasi ya kwanza na ya tatu, mpira wa seli umebonyea na utumbo unaingia ndani. Kwenye ya pili mtaona viinitete ambavyo utumbo umetokeza nje, unaning'inia, na sehemu ya ngozi imepungua.

Sababu ni hii. Upande wa chini wa yai, protini iitwayo beta-katenini huingia kwenye viini vya seli na kuziambia: nyinyi ni wa utumbo. Kwingineko protini nyingine, kimeng'enya kiitwacho GSK-3, huifanya ivunjwe. Lithiamu humzuia GSK-3, basi ile amri inafika hadi palipopasa kuwa ngozi. Seli hazikufa, zimeelekezwa vibaya.

MASWALI

Mama wa Kisauni: Mwalimu, mdogo wangu anameza lithiamu, dawa ya maradhi ya akili, na ana mimba changa. Aache?

Asiache mwenyewe, dada yangu. Lithiamu miezi mitatu ya mwanzo huongeza kidogo uwezekano wa kasoro ya moyo wa mtoto, lakini kuacha ghafla huweza kumrudishia ugonjwa kwa nguvu. Amwone daktari wake wiki hii hii. Na usilinganishe na gilasi yetu: katika damu ya mgonjwa hulengwa takriban milimoli (kipimo cha wingi wa dawa) 0.6 hadi 1 kwa lita, na zile gramu 1.3 zetu ni milimoli 30.

Kijana wa Likoni: Mbona basi thalidomidi, ile dawa ya usingizi iliyolemaza watoto tumboni, ilipita majaribio?

Ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957, ikaondolewa Novemba 1961, watoto zaidi ya 10,000 wakiwa wameathirika. Panya hawapati kasoro zile za mikono na miguu, sungura huzipata. Nungu hana mkono wa kukuonyesha.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu: Nikitia dawa utumbo ukiwa umeshaingia ndani?

Hautatoka tena. Ongeza gilasi ya nne ulione mwenyewe. Kwa thalidomidi pia hatari kubwa ilikuwa takriban siku ya 20 hadi ya 36 tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hata hawajajua. Jirani yetu mmoja alilaumiwa miaka mingi kwamba mtoto alizaliwa na kasoro kwa kuwa yeye alipita makaburini wakati wa magharibi. Nataka mama yule aje siku hiyo, aangalie kwenye hadubini kabla yetu sote.