Somo: Muhula wa usanifu mandhari nje ya nchi kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, hatua kwa hatua

Wadau, maswali kuhusu kubadilishana wanafunzi yamekuwa mengi, na karibu yote huanza na "chuo gani ni bora?" Kwa fani yetu ya kusanifu bustani, viwanja na maeneo ya wazi, hapo ndipo watu wanapopotea. Chuo chenye jina kubwa kinaweza kukupokea muhula ambao studio yake (kozi ya kusanifu eneo kwa vitendo) inafundishwa kwa lugha usiyoijua, ukaishia kuchukua kozi mbili za nadharia ambazo chuo chako hakizihesabu. Ukirudi, unarudia mwaka. Anza na studio: inafanyika muhula gani, kwa lugha gani, kwenye ardhi ya aina gani. Jina la chuo lije baadaye.

Somo hili ni la anayekwenda kwa mkataba kati ya vyuo viwili, kisha anarudi kumalizia shahada kwao. Anayetaka kuhama moja kwa moja ana njia yake na ada zake.

Hatua ya 1: Uliza mkataba ni wa idara gani

Nenda kwa mratibu wa kubadilishana wanafunzi na uombe uione mikataba yenyewe. Orodha ya vyuo rafiki iliyobandikwa ukutani haitoshi, kwa sababu mkataba mara nyingi umefungwa kwa fani. Chuo chako kinaweza kuwa na uhusiano na chuo cha Uholanzi, kumbe ni kwa ajili ya watu wa kilimo, na nafasi zenyewe ni za kuhesabu.

Ukipitia Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya ulioanza 1987 na ambao sasa unapokea pia wanafunzi wa nchi nyingi zilizo nje ya Ulaya, maombi unapeleka kwenye chuo chako mwenyewe. Unaweza kukaa miezi 2 hadi 12, na chuo mwenyeji hakikutozi ada ya masomo. Ada ya kwenu unaweza kutakiwa uendelee kuilipa, maana bado umesajiliwa huko. Usione ni jambo dogo: Uswidi tangu 2011 na Norwei tangu 2023 zinatoza ada wanafunzi wa nje ya Ulaya wanaosoma shahada nzima, lakini wa kubadilishana hawaguswi na ada hizo.

Hatua ya 2: Chagua studio na ardhi yake

Angalia lugha kwanza. Ås nchini Norwei, ambako fani hii imefundishwa tangu 1919 (ndiyo shule ya kwanza ya aina hiyo Ulaya), Alnarp kule kusini mwa Uswidi, Wageningen ya Uholanzi na Copenhagen ya Denmark, wote wana masomo ya uzamili kwa Kiingereza. Versailles ni Kifaransa, na chuo chenyewe kiko ndani ya bustani ya mboga iliyotengenezwa kwa ajili ya mfalme Louis XIV. Ujerumani, ngazi ya shahada ya kwanza, jiandae kwa Kijerumani. Mtu asikudanganye kwamba michoro inajieleza yenyewe: siku ya kutetea kazi utaongea.

Kisha jiulize ardhi ya pale itakufundisha nini. Uholanzi karibu robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari, kwa hiyo mwanafunzi wa mandhari anajikuta anahesabu viwango vya maji kabla hajachora hata njia ya miguu. Copenhagen ilipigwa na mvua kubwa ya ghafla tarehe 2 Julai 2011, mitaa na vyumba vya chini vikajaa maji, na mwaka uliofuata jiji likapitisha mpango wa kukabiliana na mvua za namna hiyo. Ukisoma pale unaweza kwenda Tåsinge Plads, uwanja wa mtaani uliokamilika 2014, ukasimama penye bonde lake la mimea na kuona kwa macho maji ya paa na ya barabara yanaelekezwa wapi. Kitabuni utapata picha nzuri ya mahali hapo, lakini mteremko wa asilimia mbili hauonekani kwenye picha. Unauona ukipiga magoti na kipimamaji na rula.

Ukivutiwa na viwanda vilivyokufa, Ujerumani kuna Landschaftspark Duisburg-Nord ya msanifu mandhari Peter Latz: kiwanda cha chuma kilichofungwa 1985 na kugeuzwa bustani ya umma bila kubomoa matanuri. Ukitoka ukanda wa joto na hutaki kuhangaika na theluji, tazama Singapore, ambako mto Kallang ulitolewa kwenye mfereji wa zege na kurudishwa kwenye kingo za majani katika bustani ya Bishan-Ang Mo Kio.

Hatua ya 3: Chagua muhula kwa kuangalia kalenda ya mimea

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote. Fani yetu ni ya vitu vinavyoota, na muhula wa kaskazini unaoanza Agosti si sawa na unaoanza Januari hata kama kozi zina majina yaleyale.

Ukienda Agosti utaikuta miti na majani yake, utaiona ikibadilika rangi, kisha giza litaingia. Ås mwezi Desemba jua la adhuhuri linapanda takriban nyuzi 7 tu juu ya upeo wa macho. Piga hesabu: mti wa mita 10 unatupa kivuli cha takriban mita 80. Kwenye ikweta siku hiyohiyo saa sita, kivuli cha mti uleule hakifiki mita 5. Mtu aliyezoea kupanga viti chini ya mti ili watu wapate kivuli atajikuta anafanya kinyume chake, anatafuta ule ukanda mwembamba ambao jua litagusa benchi kwa saa mbili. Huo ni ujuzi ambao hakuna mhadhara utakaokupa.

Ukienda Januari utakuta miti mitupu. Usisikitike. Utafundishwa kuitambua kwa matumba yake: Fagus sylvatica ana matumba marefu yaliyochongoka, Fraxinus excelsior ana meusi tii, Aesculus hippocastanum ana makubwa yenye utomvu unaonata vidoleni. Mtihani wa mimea huwa ni vijiti vimepangwa mezani vikiwa na namba, nawe unaandika majina ya Kilatini. Kisha Aprili na Mei kila kitu kinafumuka mbele yako kwa wiki chache. Mimi ningechagua Januari. Wengi huchagua Agosti kwa sababu ya hali ya hewa, shauri yao.

Hatua ya 4: Mkataba wa masomo

Hii ndiyo karatasi inayolinda mwaka wako. Inaorodhesha kozi utakazosoma kule na kozi za kwenu zitakazofidiwa, na inasainiwa na pande tatu: wewe, chuo chako, chuo mwenyeji. Ulaya muhula mzima ni krediti 30 za ECTS (mfumo wa Ulaya wa kuhesabu krediti), na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi. Studio peke yake inaweza kula krediti 15, yaani saa 375 kwenda juu. Ndiyo maana studio isipotambuliwa umepoteza nusu ya muhula kwa mpigo.

Usipeleke jina la kozi tu kwa mkuu wa idara. Peleka maelezo yake: ukubwa wa eneo linalosanifiwa, skeli za michoro, kama kuna kazi ya miteremko na mifereji, kama kuna mpango wa upandaji. Studio ya kwenu ikidai mchoro wa 1:50 wenye tabaka za lami na changarawe, na ya kule ni ya mipango ya kanda kwa 1:10,000, mtavutana. Vutaneni kabla hujaondoka. Kozi ikifutwa ukishafika (hutokea), mkataba unaweza kubadilishwa wiki za mwanzo, ila ni lazima usainiwe upya. Ahadi ya mdomo haihesabiki.

Hatua ya 5: Jalada la kazi

Hili ni mkusanyiko wa kazi zako bora: kurasa 10 hadi 15, PDF moja, faili jepesi. Miradi mitatu inatosha. Kila mradi uwe na mchoro wa juu, mkato mmoja (mchoro wa eneo kana kwamba limekatwa wima) wenye vipimo vya kweli, na picha ya eneo lilivyokuwa kabla. Wanaochagua wamechoka na picha za kompyuta zenye watoto wanaorusha vishada. Mkato unaoonyesha mizizi ina nafasi kiasi gani chini ya lami utawafanya wasimame. Kazi ya kikundi, andika wazi ulichofanya wewe.

Hatua ya 6: Viza, bima, chumba

Nchi za Schengen (zile za Ulaya zinazotumia viza moja): ukizidisha siku 90 unahitaji viza ya muda mrefu au kibali cha ukaazi, kutegemea nchi. Anza siku unayopata barua ya kukubaliwa. Chumba omba siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Wiki za kwanza

Kabla ya kufungua programu yoyote ya kuchorea, uliza mfumo wa kuratibu ramani wa nchi hiyo. Uswidi wanatumia SWEREF 99 TM, ambao kwenye QGIS, programu ya kutengeneza ramani, una namba EPSG:3006. Uholanzi ni EPSG:28992. Ukiingiza data kwa mfumo usio wake, eneo lako litatua baharini. Uholanzi vipimo vya mwinuko wa nchi nzima, AHN, vinapatikana bure, na unaweza kuchora kontua (mistari ya mwinuko) zako mwenyewe jioni moja.

Nunua buti na koti la mvua kabla ya kalamu za bei. Kwenye baridi kalamu ya wino inagoma, penseli haigomi. Na eneo la mradi nenda siku ya mvua, ukae mpaka uone maji yanasimama wapi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Matokeo yangu ni ya wastani. Nijaribu au nisijisumbue?

Jibu: Jaribu. Mchujo wa kwanza ni wa chuo chako, na unashindana na wenzako wachache wa idara moja. Jalada zuri na mkataba wa masomo ulioandaliwa mapema vinambeba mtu. Angalia tu kama kuna alama za chini zilizowekwa, maana hizo hazina mjadala.

Swali: Chuo chetu kina mkataba wa usanifu majengo tu. Je, naweza kuingilia humo?

Jibu: Inawezekana, iwapo chuo mwenyeji kina kitivo kimoja chenye fani zote mbili na wanakubali kwa maandishi. Mwombe mratibu wako awaandikie wenzake. Ukiandika wewe mwenyewe, barua yako itajibiwa kwa adabu na kusahauliwa. Njia ya kudumu ni kumshawishi mwalimu wako aanzishe mkataba mpya, ila huo huenda ukamfaa mdogo wako wa mwaka wa kwanza kuliko wewe.

Swali: Samahani mwalimu, mimi nina mashaka na jambo lenyewe. Nikajifunze miti ya baridi ambayo kwetu haioti, ili iweje? Si bora nitumie muda huo kujua mimea ya kwetu?

Jibu: Mashaka yako nayaheshimu, na kama chuo chako kina mwalimu mzuri wa mimea na hujamaliza kozi yake, baki umalize kwanza. Lakini orodha ya miti ndiyo sehemu ndogo ya unachokwenda kuchukua. Unachukua namna ya kuuliza: mti huu unavumilia maji yaliyotuama kwa siku ngapi, mizizi yake inahitaji udongo kiasi gani, nani ataupogoa baada ya miaka kumi. Maswali hayo hayana tabianchi. Kitu cha kuogopa ni mwanafunzi anayerudi na mchoro wa kule na kuupachika kwao kama ulivyo, na hao wapo. Ukitaka kujikinga, chukua mradi mmoja wa kule na uandike pembeni, kipengele kwa kipengele, nini kingekufa kwenye udongo wa kwenu na kwa nini. Kama hutaki theluji kabisa, nimeshataja Singapore.

Swali: Naweza kufanya mazoezi kwenye ofisi ya wasanifu badala ya kusoma?

Jibu: Ndiyo, Erasmus+ ina nafasi za mafunzo kazini pia. Ila hapo ofisi unaitafuta mwenyewe, na wengi wanataka mtu wa miezi 6 kuliko wa miezi 2.

Swali: Kaka, mimi nachora kwa mkono, kompyuta bado. Nitachekwa?

Jibu: Hapana dada, wengi watakuonea wivu. Mkono ni mali kwenye wiki za mwanzo za studio, wakati wengine wanahangaika na programu. Lakini mwisho wa muhula utatakiwa kutoa karatasi za A1 kwa kikundi, na faili linazunguka kati ya watu watano. Jifunze QGIS na programu moja ya kuchorea kabla ya kuondoka. QGIS haina gharama.

Swali: Alama za kule zinabadilishwaje? Rafiki yangu alirudi na alama nzuri, chuo chake kikamshusha.

Jibu: Kila chuo kina jedwali lake, na nchi nyingine zinatoa alama za juu kwa uchache sana, kwa hiyo ukibadilisha namba kwa namba unaumia. Omba jedwali la kwenu kwa maandishi kabla ya kusaini mkataba wa masomo. Vyuo vingine vinaandika "amefaulu" tu kwa kozi za nje bila kuziingiza kwenye wastani. Kama studio ndiyo inayokupandisha wastani, hiyo ni hasara, na kama ndiyo inayokushusha, ni nafuu kwako. Rafiki yako akate rufaa akiwa na transkripti halisi na maelezo ya mfumo wa alama wa chuo mwenyeji. Aombe barua ya maelezo hayo mapema, kwa sababu ofisi nyingi za vyuo vya Ulaya zinalala Julai.