Jinsi ya kumtetea punda wa mbio hapa Amu (Lamu) bila kuanzisha ugomvi

Naandika hii kwa sababu kila msimu wa sherehe ukikaribia naulizwa swali lile lile, nikiona punda anaumizwa kwenye mbio nifanye nini, nipige kelele, nirekodi vidio, nimpokonye kijana fimbo ama niende zangu tu. Mimi nilishawahi kufanya vibaya kwa hivo nitawaambia nilichojifunza. Kulikuwa na mbio moja ya mtaani, nimesimama usita (njia) wa pwani, kijana akapita na punda wa kijivu na nikaona mkononi ana kijiti kifupi kama penseli, ncha yake imetiwa msumari, kila akifika penye watu wengi anamdunga pale kwenye shina la mkia. Ukiwa mbele huoni kitu, unaona tu punda ana mbio na watu wanashangilia. Nikamfokea kijana mbele ya wenzake, wenzake wakacheka, na yeye akamdunga zaidi ili mimi nione. Mbio zilipoisha nikampapasa yule punda pale mkiani, vidole vikatoka na damu. Yaani kelele zangu ndo zilimuongezea maumivu, hilo sijalisahau hadi leo.

Baadae nikaanza kusoma kuhusu watu waliopigania wanyama wa sakasi na wa majukwaani zamani, nikakuta swali letu walishakuwa nalo miaka mia iliyopita. Mwandishi wa Marekani anaitwa Jack London alikufa mwaka 1916, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake ambacho mwanzoni kabisa anawaambia wasomaji kwamba nyuma ya ule mchezo wa dakika chache kuna mateso ya mafunzo ambayo mtazamaji haonyeshwi, sasa mnyama akiletwa jukwaani inuka, toka nje upunge upepo, rudi zamu yake ikiisha. Basi ndo hivo tu. Mwaka 1918 chama cha kutetea wanyama cha Massachusetts kikaanzisha klabu kwa jina lake, haikuwa na ada wala mikutano, mwanachama alikuwa anaahidi tu kwamba mnyama akiletwa jukwaani yeye anatoka, na wakafikia mamia ya maelfu. Mwaka 1925 sakasi kubwa ya Ringling Bros. and Barnum & Bailey ikaondoa maonyesho ya simba na chui milia, baadae yakarudi ni kweli, lakini ilionekana wazi kwamba mwenye tamasha anamsikiliza mtazamaji kuliko anavyosikiliza mtu yeyote. Hii kitu inawezekana hapa kwetu, ila uipange mapema, usingoje siku ya mbio.

Anza na wazee, wiki tatu ama nne kabla. Usiende na habari za Marekani wala Uingereza, watakwambia hayo ni mambo ya wazungu na mazungumzo yamekufa hapo hapo. Nenda barazani baada ya alasiri, amkia, kaa, kunywa kahawa, subiri upewe nafasi, kisha wakumbushe hadithi wanayoijua wenyewe, Mtume (s.a.w.) alipita akamuona punda amechomwa alama usoni akamlaani aliyefanya hivo. Punda hasa, na uso wake. Hapa Amu hiyo inatosha kufungua mlango, mimi sijaona mzee aliyebishana nayo. Ukimpata imamu mmoja aiguse kwenye hotuba ya Ijumaa kabla ya mbio umefanya kazi kubwa kuliko posti hamsini.

Halafu waone waandaaji, na uwe na ombi moja dogo la kutekelezeka. Usiseme "acheni kutesa punda", hilo kila mtu atakuitikia ndio na hakuna kitakachobadilika. Sema hivi, mpanda punda akikutwa na kijiti chenye ncha ama msumari anatolewa, na kila punda akaguliwe kabla ya kuanza na tena akifika mwisho. Hapo kwenye kuanza na kumaliza shikilia sana. Waingereza walitunga sheria ya wanyama wa maonyesho mwaka 1925, anayefundisha wanyama lazima asajiliwe, polisi na maafisa wanaweza kuingia kukagua pale wanyama wanapofundishwa na kuwekwa, lakini sheria hiyo hiyo ikasema askari hana ruhusa ya kupanda jukwaani wala kwenda nyuma ya jukwaa wakati onyesho la watu linaendelea. Nilipoisoma nikafikiria mbio zetu, kwa sababu punda akishatoka hakuna mtu anaweza kumkagua tena, anapita mbele yako sekunde tano kaisha. Kila kitu kiko mwanzo na mwisho.

Ukikubaliwa kukagua nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla vijana hawajapandwa na mzuka wa mbio. Simama ubavuni mwa punda, usimkaribie kwa nyuma, ongea naye polepole umguse shingoni. Vuta ngozi ya shingo kidogo uiachie, ikichelewa kurudi huyo ana kiu, apewe maji na asikimbie. Tazama mgongo pale shogi (mifuko ya mizigo) inapokaa, maana punda wengi wa mbio ndo hao hao wanabeba mchanga na mawe wiki nzima, na kidonda cha mgongo chenye mtu juu yake bila kitandiko ni mateso kila hatua. Inua mkia utazame shinani. Tazama pembe za mdomo, kamba mbovu inachana. Mtembeze hatua kumi kwenye mawe usikilize kwato, akichechemea utasikia mdundo hauko sawa hata kabla hujaona. Punda jike mwenye mimba asikimbie kabisa, na watoto watoto pia, mifupa yao haijakomaa. Nyie msio wazoefu tafuteni mchukuzi mzee awe nanyi, wale wanajua punda kuliko sisi sote.

Na vijana, tafadhali msiwafanye maadui. Wengi wao ni watoto wa watu tunaowajua, wanampenda punda kwa namna yao na wanataka tuzo na sifa, kwa hivo pelekeni sifa upande mwingine. Tulichanga, kila mtu kidogo kidogo, tukatoa zawadi kwa mpanda punda ambaye punda wake amemaliza bila alama mpya mwilini, na jina lake likatangazwa kwenye spika sawa na la mshindi. Wa kwanza kuipata alikuwa amefika wa sita! Mwaka huo niliona vijana wawili wamekwenda kuwaosha punda wao baharini asubuhi na mapema, kitu ambacho mwaka wa nyuma yake sikukiona. Pesa zenyewe hazikuwa nyingi, ni lile jina kwenye spika.

Sasa siku yenyewe. Kabla hamjafika kubalianeni nani atakuwa wapi, hata watu kumi na tano wanatosha, wakae pamoja sehemu ya kumalizia penye waandaaji. Mkiona punda anadungwa ama anapigwa kichwani hakuna kupiga kelele, hakuna kuingia njiani (punda ataogopa na mtoto anaweza kuanguka), mnainuka wote mnaondoka, mnaenda mpaka uwanja wa Mkunguni mnakaa huko mpaka mbio ziishe. Mtu mmoja, mwenye heshima zake na sauti ya kutulia, anabaki kumwambia mwandaaji, "Bwana, tumeondoka kwa sababu ya yule mwenye kofia nyekundu, ana msumari, tutarudi akitolewa." Kuondoka bila kusema sababu hakusaidii kitu, watadhani mmeenda kula. Na kusema bila kuondoka nako wameshazoea, mwandaaji atakwambia sawa sawa na macho yake yako kwenye mbio. Viwili hivyo viende pamoja. Mara ya kwanza sisi tulikuwa tisa tu na niliona aibu sana kupita katikati ya watu, lakini wakina mama waliokuwa wamekaa ukutani wakauliza mbona mnaondoka, tukawaambia, na wengine wakainuka na watoto wao. Hapo ndo mwandaaji akaja mbio.

Kurekodi rekodi, lakini lenga mkono na kijiti na mwili wa punda, sura ya mtoto usiisambaze kwenye grupu za WhatsApp, huyo ni mtoto na mji ni mdogo. Vidio mpe mwandaaji na kama jeraha ni kubwa mpe polisi. Kenya tuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inataja kabisa kumpiga mnyama kikatili, kumpiga mateke, kumbebesha kupita kiasi, kumtia hofu, na kumtumia mnyama ambaye ni mgonjwa ama ana jeraha, kwa hivo mkifika kituoni msibabaike, mnaripoti kosa kama makosa mengine. Ila ushahidi mkubwa ni punda mwenyewe. Kule London mwaka 1822 ilipopita sheria ya kwanza ya kulinda mifugo, mbunge aliyeipigania, Richard Martin, inasimuliwa alimleta punda aliyepigwa mpaka mahakamani ili hakimu aone majeraha kwa macho yake. Sisi hatuhitaji kufika huko, tuna kliniki ya punda hapa hapa mjini tangu mwaka 1987, matibabu ni bure, mpeleke siku hiyo hiyo damu haijakauka na umuombe daktari aandike alichokiona.

Jambo la mwisho ambalo wengi wanaliacha, asubuhi ya pili nendeni kwa mwenye punda. Msiende kundi zima, wawili wanatosha, na mmoja awe jirani yake. Muulizeni punda ameamkaje kabla ya kutaja chochote kingine, mara nyingi atawapeleka mwenyewe mkamuone. Yule kijana wangu wa msumari nilimkuta nyumbani kwao Langoni anampa yule wa kijivu pumba, nikamuomba kile kijiti, hakusema kitu, akaingia ndani akakaa kidogo akatoka nacho akanipa. Ninacho mpaka leo, na nikienda kuongea na waandaaji wapya huwa nakitoa mfukoni nakiweka mezani kabla sijaanza kusema.